Maswali Yenu Kuhusu Ufufuo

Yesu alishalipa deni la dhambi msalabani. Ufufuo unaongeza nini?

Paulo hakumung'unya maneno: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure na bado mngalimo katika dhambi zenu (1 Wakorintho 15:17). Warumi walisulubisha watu wengi, na hakuna anayeitegemea misalaba ile kwa wokovu. Kwa kumfufua huyu mmoja, Mungu alitengua hukumu ya Pilato na kuonyesha kwamba sadaka imepokelewa. Mahubiri yanayoishia Ijumaa Kuu yamekatishwa njiani.

Mbona Lazaro naye alifufuka?

Alirudishiwa uhai uleule ambao kifo bado kina haki nao. Soma Yohana 11: anatoka kaburini amefungwa sanda mikono na miguu, ikabidi watu wamfungue. Kisha soma sura ya 20. Petro anaingia kaburini mwa Yesu na kukuta sanda imelala, na ile leso ya kichwani imekunjwa mahali pake peke yake. Hakuna aliyeitwa kumfungua. Kristo hafi tena, ndivyo Warumi 6:9 inavyosema.

Roho yangu ikifika mbinguni inanitosha. Mwili wa nini tena?

Nalisikia hili sana misibani: "huu mwili ni ganda tu." Linafariji, lakini silo lililohubiriwa na mitume. Kwenye Luka 24 wanafunzi wanadhani wameona roho. Yesu anawaambia wamshikeshike, halafu anaomba chakula na kula samaki wa kuokwa mbele yao. Makovu ya misumari anayo bado. Ni Yesu yuleyule, ingawa sasa anaingia milango ikiwa imefungwa.

Paulo anamwita limbuko lao waliolala, yaani kilichompata yeye ndicho kinachowangoja walio wake. Mwili hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika. Kwa hiyo mwili uliolemaa, uliougua miaka, hata uliochomwa moto kwa ajili ya imani, Mungu hajaufuta kwenye hesabu zake. Imani ya Mitume inakiri ufufuo wa mwili, na wengi wetu tunaitamka kila Jumapili bila kusikia tunachosema.

Je, wanafunzi hawakuuiba mwili?

Tetesi hiyo ni ya zamani. Mathayo 28 yenyewe inaitaja. Ila mtunga hadithi wa siku zile asingewaweka wanawake wawe mashahidi wa kwanza, maana neno lao halikupewa uzito. Mitume wenyewe waliliona upuuzi (Luka 24:11). Hilo peke yake halimalizi ubishi, lakini mwenye kudai wizi anapaswa kulijibu.

Kwa nini Pasaka inahamahama?

Huwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu, kwa hesabu za Kanisa, unaoangukia Machi 21 au baadaye. Hivyo hucheza kati ya Machi 22 na Aprili 25. Waorthodoksi wengi hutumia kalenda ya Julius, ile ya zamani kabla ya hii tunayotumia, na mara nyingi yao huchelewa. Mwaka 2025 sote tuliangukia Aprili 20.