Re: Niko na miaka 35, nimechelewa kuanza vitabu vya watoto?
Dada, hapana, hujachelewa hata kidogo, angalia Eric Carle, yule mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto. Alizaliwa Marekani 1929, akakulia Ujerumani kwenye vita, akarudi New York 1952 na miaka mingi kazi yake ilikuwa gazeti na matangazo tu. Tangazo moja lenye kamba mkubwa mwekundu wa baharini njo lilimpendeza mwandishi Bill Martin Jr, akamuomba amchoree kitabu, kikatoka 1967. Kile kinachojulikana sana, cha kiwavi mwenye njaa, alichoandika na kuchora mwenyewe, kilitoka 1969, ana karibu miaka 40! Wazo lilikuja juu alikuwa anatoboa karatasi, akaona matundu akafikiria mdudu anayekula kitabu, halafu mhariri wake njo akapendekeza kiwavi.

Vifaa visikuogopeshe. Carle alikuwa anapaka rangi kwenye karatasi nyembamba sana, ile ya kufungia zawadi, ikikauka anakata anabandika, na ile mistari brashi inaacha inakuwa manyoya ya mnyama, mimi napenda sana hapo. Kwa karatasi jaribu Birere, ule mtaa wa biashara wa Goma, rangi nunua mbili tatu tu uchanganye. Na hadithi andika mwenyewe dada, watoto wa Goma waone chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ndani ya kitabu, anza na hiyo.