Polisi msaidizi akikamata mtu, kesi huharibikia wapi?

Swali: Nasimamia kikosi cha polisi wasaidizi wa kujitolea. Mara mbili tumekamata watu wakiwa na simu za wizi, mahakama ikawaachia. Vijana wangu wana sare na vitambulisho. Tunakosea wapi?

Jibu: Anza na barua zao za uteuzi, kwa sababu sare haimpi mtu mamlaka ya kukamata. Uingereza, konstebo maalumu hujitolea bila mshahara lakini ana mamlaka kamili ya polisi. Ofisa wa kusaidia polisi katika jamii, cheo kilichoanzishwa na sheria ya 2002, hana mamlaka hayo. Akiruhusiwa na mkuu wake anaweza kumzuia mtu kwa dakika 30 tu, akimsubiri polisi. Kwa mpita njia wote wawili ni "polisi".

Barua iseme eneo, saa za zamu na mamlaka yenyewe. Isiposema, mchukulie kijana wako kama raia wa kawaida. Katika nchi nyingi zenye mfumo wa sheria wa Kiingereza, raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hapo ndipo wengi huteleza: wanampeleka mtuhumiwa ofisini kwao "kumhoji kidogo". Saa mbili zikipita, kumshikilia kunaweza kuwa kosa, na maungamo yake ni rahisi kukataliwa.

Sasa hiyo simu, na nadhani kesi zako zimefia hapa. Aliyeichukua asiiwashe, asiizime, asipekue picha. Aandike ni ya aina gani, rangi, nyufa za kioo, mahali na saa aliyoikuta. Aiweke kwenye bahasha, aifunge kwa lakiri na kusaini juu ya mfuniko. Askari anayeipokea kituoni naye asaini na kuandika saa. Kila mkono ulioishika uwe na mstari wake. Simu ikipita mikono mitatu na saini zikawa mbili, wakili atauliza, na ana haki kuuliza, kama ni simu ileile.

Maelezo yaandikwe usiku huohuo, kila mtu peke yake. Yakifanana neno kwa neno yanatiliwa shaka. Na mpelelezi apewe namba ya simu ya kila shahidi. Wa kujitolea huhama, wito wa mahakama usimfikie, na kesi ikaahirishwa hadi ikafutwa.