Picha ya popo haishirikiwi

SWALI: Nasomesha sayansi katika skuli moja ya Wete, Pemba. Wanafunzi wangu wanataka kuwaalika wavuvi, wakulima wa mwani na wazee watie mtandaoni wanayoyajua kuhusu viumbe wa kisiwani, ili wengine wayasome, wayaongeze na kuyasahihisha. Tangazo letu linasema: "Shiriki maarifa yako ya sayansi. Shiriki picha ya popo, ndege au mti." Mwenzangu anataka tuandike "shirikisha". Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako amekaribia, Mwalimu. Wewe umechukuliwa na simu yako. Aliyeandika "Shiriki" kwenye kitufe cha kupelekea picha ndiye aliyetufikisha hapa, na sote tukaitikia amini. Siku hizi hata matangazo ya maziko yanatuambia "tafadhali shiriki ujumbe huu", na kila nikilisoma naona uchungu.

Kushiriki ni kuingia katika jambo pamoja na wengine. Mtu hushiriki maziko, hushiriki mkutano, hushiriki resi za ngalawa. Linalofuata baada ya neno hilo ni shughuli, na shughuli ina nafasi ya mtu kuingia.

Sasa mchukue huyo popo wenu. Popo wa Pemba hapatikani penginepo duniani. Mchana hulala mtini, kichwa chini, mbawa kajifunika. Mvuvi wa Kojani ana picha yake simuni, nanyi mnamwambia "shiriki picha ya popo". Ashiriki vipi? Aingie ndani ya picha? Apande mtini aning'inie naye? Asimame chini ya mti apigwe picha pamoja naye? Mtu mwenye Kiswahili chake kamili akilisoma tangazo hilo ataelewa kwamba kuna jambo la popo analotakiwa kwenda kulifanya. Hatajua kwamba mnataka awaletee kitu ambacho tayari anacho. Na huyo ndiye hasa mnayemhitaji! Popo huyu aliwindwa kwa kitoweo hadi akakaribia kutoweka, na idadi yake ilipanda tena kwa sababu watu wa vijijini walikubali kuyalinda makao yake. Wanaojua popo wanalala mti gani ni wao. Mnawaita kwa neno linalowafungia mlango.

Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na ndugu zake mnawajua: shirika, ushirika, shirki. "Kushirikisha" hutaka mtu: unamshirikisha jirani katika jambo lako. Kwa hiyo "tushirikishe unayoyajua" sina ugomvi nalo. "Shirikisha picha" silipokei.

Mimi ningeandika kuchangia. Harusi ikikaribia, kila mtu huchanga alichonacho, huyu mchele, yule pesa, na vyote huingia chungu kimoja. Ndivyo kazi yenu ilivyo. Kwenye tovuti ya iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, mtu huweka picha ya kiumbe, mahali na tarehe aliyomwona, na wengine humsaidia kulijua jina lake. Wikipedia ya Kiswahili, ya tangu 2003, nayo hujengwa kwa michango ya watu wasiojuana.

Bado naligombeza tangazo lenu kwa "maarifa yako ya sayansi". Mvuvi anayejua kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kutoka sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kati yake maji huwa mafu, hajapata kuyaita hayo sayansi. Atasema hana. Muulizeni jambo lenyewe: maji, upepo, samaki, mti.

Na mkimuuliza mti, msimwekee fomu yenye neno "mikoko" peke yake, kana kwamba miti yote ya maji ya chumvi ni mmoja. Mkoko ni ule wenye mizizi iliyojipinda kutoka shinani hadi topeni. Mchu huchomoza vijiti vyembamba vya mizizi juu ya tope, na mlilana nao una vyake, vinene zaidi. Mkandaa ni mwengine tena, wenye gome la kutilia rangi. Mtu wa pwani anaipambanua hiyo yote kwa macho. Fomu ikimlazimisha aandike "mikoko", mmempokonya elimu kabla hajaitoa. Acheni nafasi ya jina analolitumia yeye, na jina la kijiji chake, kwani Micheweni na Mkoani huenda wasiuite mti mmoja kwa jina moja.

Andikeni hivi: "Ndugu wavuvi, wakulima na wazee wetu, tunakuombeni mchangie mnayoyajua kuhusu wanyama, miti na bahari ya Pemba. Tuleteeni picha, tuambieni kitu hicho mmekiona wapi na lini, na nyinyi mnakiitaje. Mkiona tumekosea, tusahihisheni."

Mwanafunzi akitaka kuwaambia wenzake walipeleke tangazo kwa wengine, basi "lisambazeni". Na "kushea" je, neno la vijana? Sitaliandika kwenye tangazo, lakini nimechoka kuligombea. Msikiaji analielewa, wala halimpeleki kwa popo. Ni "shiriki" hilo ndilo nisilolisamehe, Mwalimu. Lifuteni kabla tangazo halijabandikwa.