Maswali Yenu: Yule Mskoti wa Filamu ya Amin

Yule kijana Mwingereza aliyecheza daktari wa Idi Amin ni nani? (Mwanza)
James McAvoy, na ni Mskoti wa Glasgow, amezaliwa 1979. Nimesharekebisha kosa hili mara nyingi mno. Filamu yenyewe inaitwa The Last King of Scotland. Someni basi jina.

Daktari huyo yu hai bado? (Bukoba)
Hakuwahi kuwepo. Nicholas Garrigan alibuniwa na Giles Foden katika riwaya ya 1998. Waasia waliofukuzwa 1972 hawakubuniwa, wala vita vya Kagera. Kwamba filamu ilipigwa Uganda kwenyewe haiifanyi kuwa somo la historia. Nawe uko Bukoba! Mkalishe mwanao karibu na mzee aliyeviona vita vile.

McAvoy alibebwa na nani? (Nakuru)
Hakubebwa. Alilelewa na babu na bibi yake huko Drumchapel, mtaa wa Glasgow, babu akiwa muuza nyama. Siku moja mwigizaji David Hayman alifika shuleni kwao kuzungumza, wanafunzi wakamfanyia fujo. McAvoy alimfuata baadaye, akamshukuru kwa kuja, akaomba kazi yoyote ile. Hayman hakumsahau: alimwita kwenye usaili, akampa nafasi katika filamu The Near Room ya 1995. Vijana wetu wakishaonekana mara moja tu hujiita mastaa. Huyu alikwenda kusomea uigizaji Glasgow, akahitimu 2000.

Filamu za X-Men zinamlipa McAvoy. Anarudi jukwaani kutafuta nini? (Mombasa)
Ahsante, hili ndilo swali. Cyrano, shujaa wa mchezo wa kuigiza wa Kifaransa, anajulikana kwa pua lake kubwa. London, 2019, chini ya mwongozaji Jamie Lloyd, McAvoy alimcheza Cyrano na pua yake hiyohiyo aliyozaliwa nayo, hakubandikwa kitu, akashika maikrofoni. Maneno tu ndiyo yaliyolikuza lile pua machoni pa watu. Mwaka 2022 aliupeleka mchezo huo kwao Glasgow. Kabla ya hapo, 2013, alicheza Macbeth kwa lafudhi ya Kiskoti. Jukwaani hakuna kurudia, ukikosea umekosea. Mkimwona katika filamu Split akigeuka mtu mwingine kwa mabega na sauti, jueni mazoezi yake yalikuwa huko. Mnaonitumia klipu za sekunde 30 mkitaka niwasifu, nendeni kwanza mkacheze saa mbili mbele ya watu.

Nani mkali, yeye au Mskoti mwenzake, mwigizaji Ewan McGregor? (Dar)
Sishindanishi watu. Tazama kazi zao.

Nipe namba ya wakala wake. (Kigoma)
Sina. Na anayekudai ada ya usaili kabla hujaigiza chochote ni mwizi. Usimpe hata shilingi.