Mungu si mwenyekiti wa mfongo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama umlazimishe mjukuu wangu kuhudhuria mafundisho ya kipaimara kila Jumamosi, au umwache mpaka atakapotaka mwenyewe, kwa kuwa sasa ana miaka 14 na amekuambia waziwazi kwamba utii wa kusukumwa hauna thawabu. Nimekaa na swali hilo siku 3 hapa Machame, Kilimanjaro, na kila ninapoanza kukujibu ninamkumbuka yule mbuzi.

Habari za mbuzi mnazijua, ila nahisi wewe na kaka zako mlizipokea kama kichekesho. Mwaka 1977 nilikuwa na miaka 12. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda duniani, kwa sababu jalidi, ile baridi ya kugandisha, ya Julai 1975 iliiunguza mibuni ya Brazili, na hata sisi wa huku mlimani tulionja kidogo. Kwa hiyo babu yako hakukosa shilingi za kupeleka kanisani siku ya mavuno. Hata hivyo aliamua kwamba nyumba yetu itatoa mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa wangu, niliyepewa na mjomba akiwa mchanga, nikamkatia majani kila jioni kwa miaka 2. Nilipolia, babu yako alishika fimbo, akanikumbusha maneno ya Paulo kwa Wakorintho kwamba Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu, kisha akaniamuru niukunjue uso. Nikaukunjua, mwanangu, kwa kuiogopa fimbo, na mpaka leo sijui kama mbinguni waliupokea uso ule au moyo uliokuwa nyuma yake.

Siku hiyo hiyo mjane mmoja, ambaye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa juu ya chetu, alileta mayai 3 katika jani kavu la mgomba, akayaweka mbele ya madhabahu huku akipiga vigelegele. Sadaka ziliponadiwa baada ya ibada, mbuzi wangu aliuzwa mara moja tu, na aliyemnunua akamkokota akilia njia nzima. Mayai yale yalinunuliwa yakarudishwa, yakanadiwa tena na tena, hata bei yake ikampita mbuzi. Nilimwonea wivu yule mama kuliko nilivyomhurumia mbuzi, maana hakuna aliyemtuma. Ndiyo maana nawaambia tangu mkiwa wadogo kwamba Mungu si mwenyekiti wa mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Mwenyekiti akiita msaragambo, yaani kazi ya pamoja, usipokwenda kuzibua mfereji unatozwa faini, na akikuona umefika na jembe haulizi kama ulikuja ukinung'unika. Mungu huuliza.

Lakini hapo ninajipinga mwenyewe, kwa kuwa mfongo ulioachiwa hiari za watu hukauka, na zamu ya maji ikikuangukia saa 8 usiku huamki kwa kupenda. Martin Luther naye, ambaye kanisa letu la Kilutheri lina jina lake, katika dibaji ya Katekisimu Ndogo, kitabu chake cha mafundisho cha mwaka 1529, ambayo mjukuu wangu atatakiwa kuikariri, anasema kwamba hatuwezi wala haitupasi kumlazimisha mtu kuamini, na papo hapo anataka watu wasukumwe wayajue mema na mabaya. Tena anapoeleza amri, anataja kumcha Mungu na kumpenda kwa pamoja, kana kwamba kimoja hakitembei bila kingine. Nimeyasoma hayo miaka mingi na bado najiuliza babu yako alikosea wapi, ni pale alipomchukua mbuzi au pale aliponitaka nifurahi. Angemchukua na kuniacha nilie, nadhani ningemsamehe mapema.

Usiudhike sana kwamba kijana amesema hataki. Katika ule mfano wa wana wawili na shamba la mizabibu, aliyekwenda kazini ni yule aliyekuwa amesema "Sitaki", na yule wa "Naenda, Bwana" hakuonekana. Mimi siku ya mbuzi nilikuwa mwana wa tatu, ambaye Mathayo hakumwandika: nilikubali, nikaenda, na shamba nikalichukia. Ilinichukua miaka hadi nikatoa kitu bila kumtazama babu yako usoni.

Unataka neno moja tu kutoka kwangu. Mkono unatamani kuandika "mpeleke", kwa kuwa mafundisho ni miaka 2 na kujua siyo kuamini, lakini nikikumbuka mbuzi ninalifuta. Wewe ndiye mama yake, na Mungu, nasema tena, si mwenyekiti wa mfongo.

Nitakuja Arusha Ijumaa kwa basi la mchana, nikiwa na mkungu wa ndizi za mshare. Jumamosi asubuhi usimwamshe. Nitakuwa nimekaa barazani na koti langu la ibada, nikimngoja kidogo kabla sijaondoka, ingawa najua kwamba hata kungoja huko ni kusukuma kwa namna fulani. Fimbo ya babu yako nitakuja nayo, ila siku hizi ni ya kutembelea tu.

Baba yako