Bustani ya Waendao kwa Miguu: Tuanze na Sanamu au na Kivuli?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, asalaam aleikum. Mtaani kwetu Tudor kuna kipande chembamba cha ardhi ya umma ambacho majirani tungependa kigeuzwe bustani ya waendao kwa miguu, yenye sanaa na mimea ya asili ya Pwani. Wenzangu wanataka sanamu kubwa katikati na nyasi pande zote. Tuanzie wapi?
Msomaji, Tudor, Mombasa

JIBU: Aleikum salaam, ndugu yetu. Anzeni na kivuli. Sanamu iliyozungukwa na nyasi, katika jua la Februari hapa Mombasa, hakuna atakayesimama kuitazama kuanzia saa nne za asubuhi. Tazameni kwanza watu wanapokatiza sasa, njia ijengwe hapo hapo, kisha miti ipandwe upande unaopigwa na jua la alasiri.

Mkwaju unafaa kuliko yote, kwa kuwa una matawi mapana na huvumilia ukame. Mbambakofi, ambao mbao zake zimechongwa milango tangu zamani, upandwe pia, na mbuyu upewe nafasi yake mbali na kuta. Mibuyu ya barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, inatosha kuonyesha jinsi unavyostahimili upepo wa bahari. Mkungu, ambao wengi huudhani wa kwetu, asili yake ni Asia, na mwarobaini nao ulitoka huko, ukaenea hadi ndani ya misitu ya Pwani kwa mbegu zinazobebwa na ndege. Hata hivyo, mwarobaini uliokwisha kutia kivuli hapo msiukate mpaka mikwaju ikue.

Kwa kuwa mwamba wa matumbawe uko karibu sana na uso wa ardhi kisiwani, chimbeni mashimo mapana, myajaze udongo na mbolea, na mpande masika yanapoanza.

Kuhusu sanaa, ushauri wangu ni kwamba iwe kitu cha kukaliwa. Mwashi na msanii wakishirikiana kujenga baraza za mawe chini ya miti, zenye nakshi za vigae vilivyovunjwavunjwa, wazee watapata pa kuzungumzia na kazi yenyewe itaonekana kila siku. Epukeni chuma, hata nondo zilizo ndani ya zege, kwani chumvi ya hewani huzila, zege likapasuka.

Kabla ya yote, mkubaliane na serikali ya kaunti kwa maandishi ni nani atakayemwagilia miche wakati wa kaskazi, walau kwa miaka miwili ya kwanza.