Mwanangu, mwenye tumaini hapo nyumbani ni bwanako

"Shangazi, niko Nyalenda, Kisumu. Bwanangu ni fundi wa mageti soko la Kibuye na kazi imekuwa chini sana tangu mwaka jana. Mimi nimeshikilia Mungu, kila Ijumaa niko kesha, yeye amekataa kuja na Jumapili analala tu. Nabii alinipa Yeremia 29:11, akasema kabla miezi mitatu iishe mlango utafunguka. Nilipanda mbegu kidogo, yaani nilimtumia sadaka, pesa ya shule, na sasa hataki kuongea na mimi. Nitashikilia tumaini aje nikiishi na mtu amekufa moyo?" Mama wa watatu

Pole mwanangu, kukosa kunachosha. Lakini barua yako nimeirudia na kuna mahali umepita mbio kama mtu anapita duka analodaiwa. Pesa ya shule. Umeitaja halafu ukaruka.

Hiyo pesa ilitoka wapi kama si kwa huyo unasema amekufa moyo? Mtu amekufa moyo haamki alfajiri kwenda kungojea mteja Kibuye na hajui kama atakuja, stima ikipotea hata ile kazi kidogo inalala, anarudi mikono mitupu na kesho anaamka tena anaenda. Kama hilo si tumaini basi niambie ni nini. Jumapili analala kwa sababu mwili umechoka. Ningependa aende kanisa, sikatai, lakini ataingiaje kwa furaha mahali karo ya watoto wake ilimezwa?

Na hiyo Yeremia 29:11, ile Mungu anasema anatuwazia mema na kutupa tumaini, naipenda sana, imenishika mkono siku mbaya. Shida ni kwamba nabii wako alisoma mstari mmoja akafunga kitabu. Ile ilikuwa barua, Yeremia anaandikia watu waliobebwa mateka Babeli, na kabla afike huko mstari wa 5 amewaambia wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, mstari wa 8 wasikubali kudanganywa na manabii walio kati yao, mstari wa 10 anawaambia itachukua miaka 70. Sabini, mwanangu! Rudi sura ya 28 utapata nabii Hanania, huyo ndiye alikuwa na habari tamu, eti miaka 2 tu kila kitu kimerudi, na alikuwa anadanganya. Soma pia yule mjane wa 2 Wafalme 4, aliyemdai amekuja kuchukua watoto wake wawe watumwa, nabii Elisha hakumwitisha mbegu, alimuuliza uko na nini nyumbani, akasema chupa ya mafuta tu, na mafuta hayo yalipojaa vyombo akamwambia auze, alipe deni, yanayobaki atumie yeye na wanawe.

Ndoa za siku hizi tunaziharibu hivi, mmoja anaomba mwingine anatafuta, halafu anayeomba anajiona ndiye ako karibu na Mungu, jioni badala ya kuketi na mzee waulizane unga utatoka wapi yuko kwa simu kwa grupu ya maombi anamwagia watu wageni shida za nyumba yake. Wageni wanajua landilodi anadai ngapi, mwenye nyumba hajui bibi yake amefuliza, yaani amekopa kwa simu, akatuma sadaka. Hiyo inaniuma kweli.

Mgala muue na haki umpe. Bwanako ana haki ya kununa na makosa ni yako. Muombe msamaha bila kuweka Biblia katikati, usianze eti "lakini nilikuwa naombea familia". Kesha sijakukataza, omba sana, ila usome 1 Timotheo 5:8 pia, asiyetunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Huyo nabii usimtumie hata shilingi tena na hiyo mbegu isahau, hairudi. Kesho asubuhi nenda shuleni wewe mwenyewe uongee na mwalimu mkuu akubali mlipe karo pole pole, usimtume bwanako akaaibike kwa pesa hakula.